Amplifaya Iliyofika Mlangoni

Amplifaya ya zamani ilikufa Jumamosi saa nane mchana, katikati ya habari za mifugo. Haikupiga kelele wala kutoa cheche. Ilitoa harufu ya mpira ulioungua, spika zikanyamaza, na Fundi Sikio akainuka kwenye kochi kwenda kuichomoa ukutani. Alifungua kifuniko, akachungulia, akakirudisha. Mkewe aliuliza kutoka jikoni kama inatengenezeka. Akajibu kwamba hata binadamu ana siku yake.

"Basi leo tutajisikia wenyewe tunavyogombana," mkewe alisema.

Fundi Sikio alikuwa fundi wa pampu za maji. Jina hilo alipewa na wateja kwa sababu ya namna yake ya kupima. Wenzake hufungua pampu kwanza, ndipo watafute ugonjwa. Yeye alikuwa anaweka ncha ya bisibisi kwenye chuma, mpini anauegemeza kwenye mfupa nyuma ya sikio, anafumba macho, na baada ya muda anasema, "Beringi ya nyuma," au, "Imemeza mchanga." Mara chache sana alikosea. Ufundi huo aliuona kwa baba yake, aliyekuwa mwangalizi wa boila katika kiwanda cha mablanketi, na aliyekufa boila ilipopasuka. Fundi wakati huo alikuwa na miaka minane. Sasa alikuwa na hamsini na miwili.

Kiwanda kile kilikuwa na bendi ya watu tisa. Walirekodi wimbo wao ndani ya ghala la marobota ya sufu, kwa sababu marobota hunyonya mwangwi kuliko studio yoyote, na ghala lilipakana na chumba cha boila. Boila ilipasuka siku hiyo hiyo, nusu saa baada ya wimbo kwisha. Walikufa watu saba. Ripoti ya uchunguzi ilisema kwamba mwangalizi wa boila alikuwa amelala kazini. Meneja aliapa mbele ya tume kwamba hakuna mtu aliyemwarifu hitilafu yoyote. Kwenye jiwe la kumbukumbu, pale langoni, yakachongwa majina sita. La saba liliachwa, kwani mtu aliyelala haandikwi pamoja na watu aliowaua kwa usingizi wake.

Mama yake Fundi, ambaye alikuwa anaishi nao, hakuwahi kupita langoni pale kwa miaka arobaini na minne. Akienda kliniki alizunguka nyuma, njia ya vumbi. Fundi alikuwa amekwisha kuiandikia kamati ya jiwe mara mbili, akiomba jina la baba yake liongezwe. Mwenyekiti wa kamati alikuwa meneja yule yule, sasa amestaafu na anaheshimiwa. Alijibu kwa adabu mara zote mbili kwamba kamati ingependa kuona ushahidi mpya.

Santuri ya wimbo ule ililetwa nyumbani na mpiga tarumbeta, akiwa ameifunga kwenye gazeti kama mtu anayebeba nyama ya wizi, kwa maana familia ya aliyelala haikugawiwa. Tangu hapo ilipigwa kila Jumapili. Baada ya ubeti wa pili, wapigaji walipopumzika na kubaki kayamba peke yake, palikuwa na mkwaruzo: krrr. Watoto wa nyumba ile walikua wakiimba wimbo pamoja na mkwaruzo wake. Hata harusini binti mkubwa aliuimba na krrr yake, wageni wakacheka.

Jumatatu Fundi aliichukua santuri ile kwenda nayo dukani. Watu wengi hununua amplifaya kwa macho. Wanahesabu vitufe, wanasoma idadi ya wati, wanaiinua kuona uzito. Fundi alijua kwamba wati si sauti, kama ambavyo sufuria kubwa si chakula. Njia ya kupima mashine ngeni ni kuipa kitu unachokijua kama kiganja chako, halafu unyamaze.

Duka lilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya karakana ya mtengeneza meno ya bandia. Muuzaji alikuwa mtu mrefu mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa uzi, na alizisema mashine zake kama mtu anayesema wakwe: kwa heshima, lakini bila kuficha kitu. Alimketisha Fundi kwenye kiti katikati ya spika mbili, akapuliza sindano, akaiweka santuri.

Amplifaya ya kwanza ilikuwa ndogo, ya kijivu. Wimbo ulikuwa msafi. Mkwaruzo ulikuwa mkwaruzo.

Ya pili ilikuwa nyeusi, pana kama droo. Ubeti wa pili ulipokwisha na kayamba ikabaki, mkwaruzo ulivutika, ukawa na mwanzo na mwisho. Fundi aliinua mkono, akaomba sindano irudishwe. Akasikiliza tena.

"Huu si mkwaruzo," alisema.

"Ni bawaba," muuzaji alisema. "Mlango unafunguliwa. Ile ndogo haifiki kwenye bawaba."

Nyuzi nyeupe za sufu zilikuwa zimeanza kushuka kutoka darini, polepole, zikatua juu ya magoti ya Fundi na juu ya kaunta. Muuzaji alichukua ufagio uliokuwa nyuma ya mlango akazikusanya.

"Mashine za daraja hili hutoa vumbi la mahali walikorekodia," alieleza. "Kuna wanaolipenda. Kama nyumbani una mtu mwenye pumu, chukua ile ndogo."

Fundi alisema kwao hakuna mwenye pumu. Aliuliza mlango ukishafunguliwa kinafuata nini. Muuzaji alisema hilo linategemea mashine, akaenda nyuma kuleta ya tatu. Hiyo ilikuwa ya taa, zile chupa za vioo zinazowaka rangi ya kaa la moto, nzito kama mfuko wa saruji, na ilihitaji dakika kumi kupata joto. Wakaisubiri. Muuzaji alitumia muda huo kulaumu spika za siku hizi.

Ilipokuwa tayari, bawaba ilifuatwa na nyayo. Zilikuwa hatua nne za buti, la kushoto likilia kidogo kwa unyevu. Duka likapata harufu ya mafuta mazito na mvuke. Halafu mtu akasema jambo, na mtu mwingine akajibu, lakini maneno yalikuwa kama yanasemwa ndani ya blanketi. Fundi alitoa bisibisi mfukoni, akaweka ncha juu ya kifuniko cha amplifaya na mpini nyuma ya sikio. Akafumba macho. Santuri ilirudiwa mara nne.

"Anasema vali," Fundi alisema. "Yule wa buti. Anasema vali."

Muuzaji alivaa miwani yake akamtazama vizuri, jinsi daktari anavyomtazama mgonjwa aliyeanza kusema ukweli.

"Iko moja zaidi," alisema. "Lakini hiyo haileti sauti tu. Sebule yako futi ngapi kwa ngapi?"

"Kumi na mbili kwa kumi na nne."

"Bendi watu wangapi?"

"Tisa. Na hao wawili wanaozungumza."

Muuzaji alihesabu kwa vidole. "Toa meza, na kabati kubwa livute upande. Kuna bwana alichukua hii akapigia kwaya ya watu arobaini kwenye chumba cha kupanga. Mwenye nyumba akamtoa."

Alimpa aijaribu siku kumi na nne. Ilikuwa sanduku la mbao lisilo na kitu mbele ila kitufe kimoja cha shaba. Fundi aliifunga kwenye pikipiki kwa mipira minne, akaenda nayo taratibu kama mtu aliyepakia mama mjamzito.

Jumapili saa kumi walitoa meza nje. Mkewe aliuliza kwa nini kabati livutwe, akaambiwa kuna wageni tisa, akauliza kama watakula. Fundi alisema hapana. Mama yake alikaa kwenye kiti chake cha siku zote, karibu na ukuta, na mtandio wake mabegani. Fundi hakumwambia kitu, kwa sababu hakuwa na hakika, na mtu wa pampu hasemi maji yanakuja kabla hajayaona.

Sindano ilishuka na wakaja. Walikuwa vijana wote tisa, wamevaa mashati ya kazi, wakasimama walipopata nafasi: mpiga besi kati ya kochi na friji, mpiga tarumbeta dirishani, wa kayamba akiwa amekanyaga zulia. Sufu ilikuwa inashuka juu yao. Kwenye mkono wa kochi alikaa meneja, mtu wa miaka thelathini na kitu, nywele nyingi, saa mkononi, mguu juu ya mguu. Mkewe Fundi aliwapisha akabaki mlango wa jikoni.

Ubeti wa pili ulikwisha. Kayamba ikabaki. Pale kabati lilipokuwa, mlango wa bati ulifunguka, ukalia krrr, na baba yake Fundi akaingia. Alikuwa mdogo kuliko mwanawe kwa miaka ishirini. Alikuwa na kitambaa cha mafuta mkononi na jasho shingoni. Alipiga hatua nne, akainama karibu na sikio la meneja ili asiharibu wimbo.

"Bwana meneja, vali ya usalama imekwama. Nizime moto?"

Meneja alitazama saa.

"Wimbo kwanza. Ukizima sasa mvuke utalia, utaingia kwenye santuri. Boila haijaanza kusumbua leo."

Baba alisimama kidogo. Aliwatazama wapiga muziki, halafu akatoka kwa vidole vya miguu, na mlango ukafungwa bila sauti. Bendi ikaingia ubeti wa tatu. Wimbo ulipokwisha wakaondoka wote, na sebule ikabaki na vumbi la sufu na alama nane za buti, nne za kuja na nne za kwenda.

Mkewe Fundi alileta tambara akafuta.

 Mama alisema lile shati alilishona yeye, na kwamba kifungo cha pili si chake, kile alikitoa kwenye blauzi kwa sababu vya kufanana vilikwisha. Alimwambia mwanawe arudishe.

Walirudisha mara ya pili, na ya tatu. Mara ya tatu mama alinyanyuka, akashika ukuta, akasimama njiani kati ya mlango na kochi. Mume wake aliingia, akampita kama mtu anavyompita mkubwa wake, kwa kujikunja bega, akainama kwa meneja, akauliza kama anavyouliza.

"Nizime moto?"

"Zima, baba watoto," mama alisema.

Baba alisikia. Aligeuza kichwa akamtazama yule mwanamke mzee, kwa adabu, kama mtu anayetafuta amewahi kumwona wapi. Kisha akamgeukia meneja, kwa kuwa mwenye ruhusa alikuwa meneja.

"Wimbo kwanza," meneja alisema.

Fundi hakuandika barua ya tatu. Alikwenda mwenyewe kwa meneja mstaafu, akamkuta anamwagilia maua, akamwambia amepata ushahidi mpya na kwamba hauwezi kubebwa. Mzee alikubali kuja Alhamisi. Alikuwa mtu wa mialiko. Alikuja na fimbo na koti, akauliza hali za watoto kwa majina yao, akamsalimu mama. Mama alimkaribisha, kwa sababu mgeni hukaribishwa, ila hakumwambia akae. Akakaa mwenyewe, kwenye kochi, upande wa kulia.

Sindano iliposhuka, meneja kijana naye alikuja akakaa kwenye mkono wa kochi upande ule ule. Wakawa bega kwa bega, wote wawili mguu wa kulia juu ya wa kushoto. Mzee alimtazama jirani yake juu hadi chini.

"Nilikuwa na nywele," alisema.

Baba aliingia, akasema maneno yake, akajibiwa, akatoka. Mzee alisikiliza kila kitu akiwa ameegemeza kidevu juu ya fimbo. Wimbo ulipokwisha alibaki anatikisa kichwa polepole, na Fundi alidhani sasa atalia, au atasema.

"Hii mashine ni nzuri sana," mzee alisema. "Besi yake haivimbi. Umenunua wapi?"

Fundi alimtajia duka. Halafu akauliza jina la baba yake litachongwa lini.

"Mwanangu," mzee alisema, "kamati inahitaji shahidi. Marehemu hawezi kujitolea ushahidi mwenyewe. Ingekuwa rahisi hivyo, kila marehemu angekuja."

"Simtaji yeye. Nakutaja wewe. Umejibu hapa hapa, tumekusikia watu watatu."

"Yule?" Mzee alionyesha mkono wa kochi, uliokuwa na vumbi. "Yule yuko kazini. Mimi nimestaafu. Siwezi kumsemea mtu aliye kazini, hapo nitakuwa naingilia."

"Basi nimuulize yeye?"

"Muulize. Lakini akikupa jibu lazima lije kwa maandishi."

Mama alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kusikika tangu amkaribishe mgeni. Alisema huyu bwana hajabadilika hata chembe, ila upara tu, na kwamba kama angejua uongo unamweka mtu hai mpaka miaka sabini na nane angemfundisha na marehemu. Mzee naye alicheka kidogo, kwa kuwa alikuwa mtu wa watu. Alijipangusa sufu kwenye koti, akaaga kila mtu, akasindikizwa mpaka barabarani.

Mtu atauliza kwa nini bendi wasiulizwe. Wanane walikuwa wamekufa. Wa tisa, mpiga ngoma, alikuwa hai lakini kiziwi, na alijibu kwa maandishi kwamba anakumbuka wimbo, na kwamba siku ile palikuwa na joto.

Siku kumi na nne zilipokwisha Fundi alirudi dukani, akasema ataichukua. Pikipiki iliuzwa kulipia bei, amplifaya ikabaki, na tangu siku hiyo akawa anakwenda kazini kwa baiskeli. Muuzaji alimwambia kuwa kuna mzee mmoja mwenye fimbo alifika akitaja jina lake. Alikuja na santuri ya wimbo ule ule. Alikaa saa tatu, akazijaribu zote nne mpaka mwisho, halafu akachukua ile ndogo ya kijivu. Muuzaji alisema hakushangaa, wateja wengi wa umri ule huchukua hiyo.

Fundi alikuwa na swali lake. Ule mlango, alisema, unafungwa baba akishatoka. Je, iko mashine inayofika nyuma yake?

"Haipo," muuzaji alisema. "Kipaza sauti kilikuwa ghalani. Nyuma ya mlango ukitaka kujua, itabidi uende mwenyewe. Mashine imekufikisha mlangoni."

Swali hilo lilimkera kuliko lile la jiwe. Lilikuwa jambo la ufundi. Ripoti ilisema baba yake alilala, na sasa ilijulikana kwamba alikuja akaarifu. Lakini baada ya kuarifu palibaki nusu ya wimbo na nusu saa nyingine, na mtu aliyekesha zamu mbili anaweza kulala kwa muda huo. Fundi alilipima hilo kwa haki. Alikuwa ameona wazibuaji wa visima wakilala wamesimama.

Jumapili iliyofuata alivaa buti zake za kazi. Baba alipouliza, na mama alipomjibu azime, na meneja aliposema wimbo kwanza, Fundi aliinuka akamfuata baba yake nyuma nyuma, hatua nne. Walipofika mlangoni baba aliuzuia kwa mkono ili asimbane mtu anayefuata, kama afanyavyo mtu yeyote mwenye malezi. Fundi aliingiza kichwa na bega.

Joto lilimpiga usoni kama kofi. Kilikuwa chumba kidogo, cheusi, boila imejaa ukuta hadi ukuta, na sindano ya kipimo ilikuwa imeegemea mwisho wa kioo na kutulia hapo. Baba alikwenda moja kwa moja kwenye koki ya mafuta. Aliishika kwa kitambaa kwa mikono yote miwili, tayari kuifunga, na hakuifunga. Alisimama hivyo, amegeuza uso upande wa ghala, akihesabu beti kwa midomo. Hakukaa. Hapakuwa hata na kiti. Ulipoanza mwitikio wa mwisho alikaza mikono akaanza kuizungusha koki, na koki ikagoma, na yeye akaendelea.

Sindano ilifika mwisho wa santuri. Fundi akajikuta amesimama mbele ya ukuta wa sebule, nyusi za kulia zimeungua na buti lake moja linatoa moshi. Mkewe alimmwagia maji ya bakuli.

"Alikuwa macho," Fundi alimwambia mama yake.

"Ulidhani mimi sijui?" mama alisema. "Baba yako akilala alikuwa anakoroma, mtaa mzima unajua. Angelala, tungemsikia kwenye santuri hata kwa ile mashine ya zamani."

Akamwambia arudishe sindano mwanzo, na safari hii wamwachie kochi meneja lote, asije akasema alibanwa.

Jumatatu Fundi alikwenda kutengeneza pampu ya shule akiwa na nyusi za upande mmoja. Hakuna aliyemuuliza. Mwezi uliofuata kamati ilipaka rangi mpya lile jiwe la langoni. Majina ni yale yale sita, na sasa yanasomeka vizuri zaidi.